Wodi ya Pumzi Ishirini

Zilpah alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuwahi kulificha hilo. Alichukia chai iliyoangukiwa na nzi hata kama nzi ameshatolewa. Alichukia beseni lililooshwa juu juu, na watu wanaosema wako njiani kumbe bado wamejilaza kitandani. Wauguzi wenzake katika wodi ya akina mama walimtania kwamba pua yake ingefaa kuajiriwa na polisi pale kwenye kizuizi cha barabarani karibu na daraja la Tana, mbwa wao apumzike. Naye alijibu kwamba mbwa ana bahati, maana halazimishwi kunusa binadamu waongo.

Alizaliwa Vihiga, kwenye mvua na migomba, akaletwa Garissa na barua ya serikali akiwa bado binti. Shangazi zake walimlilia kana kwamba anakwenda kuzikwa. Aliapa atakaa mwaka mmoja tu. Lakini mwaka ulizaa mwenzake, akaolewa na mwalimu aliyemkuta hukohuko, na watoto wake wakakua wakicheza kwa Kisomali na kumjibu bibi yao wa Vihiga kwa kuchekacheka. Yeye mwenyewe alijua Kisomali cha kazini: inauma wapi, kunywa, sukuma, pole mama. Alinung'unikia joto, vumbi na tuktuk zinazopiga honi bila sababu, lakini akienda likizo kwao hakumaliza wiki ya pili. Alisema matope yanamtia kichefuchefu.

Alipanda cheo polepole hadi akawa msimamizi wa wodi. Funguo za kabati la dawa zilikaa mfukoni mwake, na wauguzi wapya waliotumwa kutoka bara yeye ndiye aliyewapokea, akawaonyesha bafu la wagonjwa, mahali pa kutundika koti, na namna ya kuishi na watu wa hapa bila kujitia matatani.

Kisha ikaja kengele.

Ilikuwa mashine ya kisasa, na Zilpah mwanzoni aliipenda. Kila kitanda kiliunganishwa na kishikwambi. Muuguzi alipima joto la mgonjwa, presha na mpigo wa moyo, akahesabu pumzi zake, akaingiza namba zote. Kishikwambi kilizipiga hesabu. Zikionyesha kwamba uchafu wa kidonda au wa tumbo la uzazi umeanza kumwagika kwenye damu, hali ambayo madaktari huiita sepsisi, skrini iligeuka nyekundu, kengele ikalia wodini, na simu ya daktari ikalia popote alipo. Zilpah alishawaona kina mama wengi wakiondoka kwa ugonjwa huo. Huja kimya. Mtu anaongea asubuhi, jioni anafunikwa uso. Kwa hiyo alisema, hii sasa ni kazi ya maana.

Miezi ya kwanza kengele ililia sana, hadi wauguzi wakaota inalia. Halafu ikapungua. Halafu ikanyamaza kabisa, na kila mtu akafurahi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Kilichoinyamazisha ilikuwa namba moja tu. Joto lilikuwa na kipimo chake, presha na moyo vilikuwa na mashine yao, ila pumzi hazikuwa na chombo. Ilibidi muuguzi asimame kando ya kitanda atazame kifua cha mgonjwa kikipanda na kushuka dakika nzima. Na wodi ile ilikuwa ya wanawake, wengi wao wamejifunika jilbabu kuanzia utosini, na waume na kaka zao wamejaa mlangoni. Kulikuwa na hekaya ya zamani pale hospitalini, ya muuguzi mmoja aitwaye Lazarus, ambaye inasemekana alimfunua mgonjwa bila kuomba ruhusa, ndugu wakamfukuza kwa bakora hadi langoni. Hakuna aliyebaki kazini aliyeyaona hayo kwa macho yake. Hata hivyo kila mgeni kutoka bara alipewa kisa hicho siku ya kwanza, sawa na anavyopewa sare.

Basi wauguzi wa kiume hawakutazama. Waliandika ishirini. Ishirini ni namba nzuri, ni pumzi za mtu asiye na tatizo kubwa. Wauguzi wa kike nao, ambao hakuna ambaye angewagusa kwa bakora, wakaiga, maana ishirini huandikwa haraka kuliko kusimama dakika nzima kwenye joto. Mama aliyejifungua leo, ishirini. Mwenye pumu, ishirini. Bibi mmoja kutoka Bura aliyekuwa akikoroma hadi kitanda kikatetemeka, ishirini. Wodi nzima ilipumua kwa mpigo mmoja kama gwaride.

Zilpah alikuwa akiyaona haya yakimchefua. Alikuwa akinung'unika, na kunung'unika kulikuwa kazi yake ya pili. Alisema siku moja atawakalisha wote chini. Siku hiyo haikuwa imefika alipofariki Ifrah, mwalimu wa chekechea aliyejifungua mtoto wa kike vizuri kabisa, akaanza kuchanganyikiwa asubuhi moja baada ya siku chache, akafa kabla ya adhuhuri. Familia yake ikasema ni qadar ya Mwenyezi Mungu, ikamchukua kwa adabu na shukrani. Shukrani hizo zilimuumiza Zilpah kuliko matusi. Alipokwenda kukizima kishikwambi cha Ifrah alikikuta bado ni kijani, na pumzi za mwisho zilizoingizwa na Hesbon, kijana mpole kutoka Kisii, zilikuwa ishirini. Zilpah alimtazama Hesbon wiki nzima kama anavyotazama nzi kwenye chai. Alimdharau tu.

Sasa tuje kwenye siku ya keki.

Bwana Mahat, mkuu wa hospitali, alitangaza kwamba wageni watakuja kutoka Nairobi, watu wa kampuni iliyoleta kengele, kuipongeza wodi ya akina mama. Vishikwambi vya hospitali zote vilikuwa vimelinganishwa, na wodi hii ndiyo iliyokuwa na kengele chache kuliko zote. Ingepewa cheti cha Wodi Tulivu. Zilpah alipolisikia jina hilo alihisi mate machungu yakimjaa mdomoni.

Wageni wakaja. Kiongozi wao, Najib, alikuwa kijana nadhifu mwenye adabu, na kwa hakika hakuwa na hila yoyote. Meza iliwekwa mwisho wa wodi, karibu na mlango wa ofisi, na juu yake keki kubwa iliyopakwa krimu ya kijani, rangi ya mgonjwa salama. Joto la Garissa halijui sherehe. Kabla Bwana Mahat hajafika katikati ya hotuba, krimu ilianza kuteleza pembeni mwa sahani, na nzi wakafika bila mwaliko.

"Kengele chache maana yake nini?" Bwana Mahat aliwauliza waliosimama. "Maana yake huduma bora. Maana yake hawa mama zetu wako salama."

Wakapiga makofi. Daktari Ayan, daktari pekee wa zamu, binti wa papa hapa mjini aliyerudi kutoka masomoni mwaka huo, alipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja, sahani ya keki ikiwa mkono wa pili. Zilpah hakupiga. Nzi wawili walikuwa wamenasa kwenye krimu wanapapatika, na Hesbon alikuwa akiwatoa kwa kijiti cha meno ili keki ionekane vizuri kwenye picha. Zilpah aliona bora aondoke, akaanza kutembea kati ya vitanda.

Alipofika kitanda cha nne, pua yake ikamsimamisha.

Juu kulikuwa na harufu ya uunsi, ule udi ambao wanawake wa hapa hujifukizia nguo, harufu nzuri na nzito. Lakini chini ya uunsi kulikuwa na kitu kingine, kama nyama iliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Aliyelala pale alikuwa Rukiyo, mama kijana aliyeletwa jana kutoka Kotile. Alijifungulia nyumbani. Homa ilipomshika, walimpitisha kwenye zahanati njiani akapewa dawa ya kushusha joto, ikashuka vizuri, na hivyo akaingia hospitalini akiwa hana dalili ile ambayo kila mtu huitafuta kwanza. Mama mkwe wake, Sahara, alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, mtoto mchanga amelala pajani mwake, tasbihi mkononi. Mumewe, Yussuf, alikuwa nje ya mlango tangu jana.

Zilpah alitazama kishikwambi. Kijani. Joto sawa, moyo unakwenda mbio kidogo, pumzi ishirini. Harufu haikumchukiza kiasi hicho. Harufu ni mwili unaosema kweli. Kilichomchukiza ilikuwa ile ishirini.

"Salaam aleikum, hooyo," alisema, akimwita Sahara mama kama wanavyoitana hapa. "Huyu anaendeleaje?"

"Aleikum salaam. Si fizuri," alisema Sahara kwa sauti ya chini. "Tangu asubuhi yeye nabumua kama mtu nakimbizwa. Mimi naambia ile kijana. Yeye nasema mashine iko kijani, tulia mama."

Rukiyo aliufungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akalisahau. Vidole vyake vilikuwa baridi. Zilpah alitaka kumfunua kifua ahesabu, lakini wodi haikuwa na pazia, lilikuwa limeondolewa ili picha zitoke vizuri, na wanaume wanne wenye kamera walikuwa wamesimama hatua chache tu. Kumfunua mwanamke mgonjwa mbele ya wapiga picha, hilo hata Zilpah asingeweza. Akaitazama tasbihi.

"Hooyo, ingiza mkono chini ya nguo, uweke kifuani pake. Kila akipumua, sukuma punje moja. Mimi nikisema basi, acha."

Sahara hakuuliza sababu. Alimlaza mtoto miguuni pa mama yake, akaingiza mkono wa kushoto chini ya jilbabu, tasbihi katika mkono wa kulia. Zilpah alitazama saa. Kule mwisho wa wodi Najib alikuwa akieleza jinsi teknolojia inavyookoa maisha, na Bwana Mahat alikuwa akicheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho. Punje zilikwenda moja baada ya nyingine, upesi, bila kupumzika. Kidole cha Sahara kilifika kwenye ile punje kubwa inayotenga thelathini na tatu za kwanza, kikaivuka.

"Basi," alisema Zilpah.

Sahara aliinua tasbihi amwonyeshe. Punje tano zilikuwa zimepita baada ya ile kubwa.

Zilpah aliifuta ishirini, akaandika thelathini na nane. Skrini ikageuka nyekundu, na kengele iliyokuwa imenyamaza kwa miezi ikalia katikati ya hotuba ya kusifu ukimya wake.

Bwana Mahat aliinua mkono bila kugeuka. "Hiyo izimwe, tafadhali."

"Haizimwi," alisema Zilpah.

"Sista, tuna wageni."

"Na mimi nina mgonjwa."

Najib alijaribu kusaidia. "Labda kuna namba imeingizwa vibaya?"

"Zimeingizwa vibaya nyingi," alisema Zilpah. "Hii ndiyo ya kwanza nzuri."

Lakini simu ya Daktari Ayan nayo ilikuwa inalia mfukoni, kwa sababu mashine haikujua habari za wageni. Alisoma, akaiweka sahani juu ya dirisha, akaja akiwa anapangusa krimu mikononi. Alimgusa Rukiyo mguu na shavu, akabonyeza tumbo lake pole sana juu ya nguo, na Rukiyo akalia kwa mara ya kwanza. Ayan hakuuliza nani ameandika nini. Aliagiza dripu mbili, dawa kali ya mshipani mara moja, damu ichukuliwe, chumba cha upasuaji kifunguliwe. Hesbon alikimbia kuleta dawa akiwa bado na kijiti cha meno kati ya vidole. Ayan alimwambia Sahara kwa Kisomali kwamba kuna kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani na kimeoza, na kwamba bila kukitoa Rukiyo asingefika jioni. Sahara alimnyanyua mtoto akambana kifuani, akaendelea kusukuma punje, safari hii kwa maombi.

Walipomtoa Rukiyo na kitanda chake cha magurudumu, pengo lilibaki pale namba nne. Zilpah aliporudi kupasafisha, alimkuta Bwana Mahat na wageni wamesimama papo hapo penye pengo, ukutani kuna mwanga mzuri, wanapiga picha na cheti. Keki ilikuwa imeliwa nusu. Aliomba wasogee afagie.

"Sista Zilpah," Bwana Mahat alimnong'oneza, akitabasamu bado kwa ajili ya kamera, "usingeweza kungoja hata dakika kumi?"

Zilpah alikuwa na majibu ya kutosha kwa mkuu wa hospitali, mengine hata yasiyoandikika. Lakini alipoyatazama meno yale yenye krimu ya kijani, aliona kufungua mdomo karibu nayo ni sawa na kunywa maji ya mtaro. Akafagia. Cheti kikatundikwa ukutani alasiri hiyohiyo.

Siku mbili baada ya upasuaji Rukiyo alikuwa kati ya uhai na kifo. Zilpah mwenyewe ndiye aliyemhesabia pumzi, na alipotoka zamu alimwachia Sahara na tasbihi yake. Siku ya tatu Rukiyo alifumbua macho akamtafuta mtoto, kisha akaomba chai ya maziwa. Zilpah aliinama kumrekebisha mto akanusa. Uunsi mtupu. Alitoka nje haraka asionekane analia, kwa maana alikuwa na sifa ya kulinda.

Pale nje alimkuta Yussuf amesimama na Hesbon, amemshika mkono kwa mikono yake miwili, anamshukuru. Zilpah akaona shukrani zilezile za familia ya Ifrah, zinakwenda tena kwa mtu asiyestahili.

"Ndugu Yussuf," alisema, "nikuulize jambo. Huyu kijana angekuomba ruhusa amtazame mkeo kifuani, juu ya nguo, ahesabu pumzi, ungefanyaje?"

Yussuf alishangaa. "Kuhesabu bumzi?"

"Ndiyo."

"Walaal, dada yangu, mimi naleta mgonjwa kutoka Kotile, barabara mbaya, ili mimi nakataa matibabu?" Alimtazama Hesbon, akamtazama Zilpah. "Kama yeye naogoba, naita mama yangu nakaa hapo. Lakini mimi iko mlangoni tangu siku ile. Hakuna mtu aliniuliza."

Aliwaaga kwa heshima akaingia kumwona mkewe. Zilpah na Hesbon wakabaki kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Sasa ile siku ya kuwakalisha wote chini ilikuwa imefika, na Zilpah alikuwa na maneno yaliyoiva miezi mingi.

"Umesikia?" alisema. "Mnajificha nyuma ya nguo za wanawake wa watu halafu mnaita heshima. Mficha uchi hazai. Hii si heshima, Hesbon, huu ni uvivu uliovishwa kanzu. Ifrah alikufa mbele ya macho yako na wewe macho yako yako kwenye kishikwambi. Unanichefua. Ni shule gani hiyo iliyokufundisha kuandika pumzi za mtu usiyemtazama? Nani alikufundisha?"

Hesbon alitazama viatu vyake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Ni wewe, sista," alisema. "Siku yangu ya kwanza. Ulinionyesha mahali pa kutundika koti, ukanieleza habari za Lazarus. Ukasema nikitaka kukaa salama Garissa, hapa wanawake hawatazamwi, macho yangu yabaki kwenye mashine. Nikakuuliza, na pumzi je? Ukacheka. Ukasema, pumzi ni ishirini, nani hapumui ishirini?"

Zilpah alifungua mdomo amkanushe, na kabla neno halijatoka akalisikia cheko lake mwenyewe. Alikuwa akilisema hilo kwa kila mgeni. Kwa Hesbon, kwa waliomtangulia, kwa Wanji aliyefika mwezi uliopita. Lilikuwa mzaha mzuri, kila mara liliwapunguzia wageni woga. Walipoanza kufanya walivyoambiwa, yeye akaanza kuwachukia. Nyani haoni kundule, mama yake alipenda kusema akimwangalia yeye, na yeye siku zote alidhani ni mfano wa watu wengine.

Alikwenda kwenye sinki la wodi akafungua bomba, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Maji yalikuwa ya moto kwa jua na yana ladha ya kutu. Juu ya sinki ndipo cheti kilipotundikwa. Alikitungua, akakitazama kioo chake kikimrudishia uso, akakigeuza kikatazama ukuta.

"Hesbon," aliita. "Mwite na Wanji. Tunaanzia kitanda cha kwanza. Utaomba ruhusa wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, nami nasikia."

Kisha akatoa funguo za kabati la dawa mfukoni akaziweka juu ya sinki, kwa sababu zilikuwa zimeanza kumchoma paja. Kidole cha Hesbon ndicho kilichoibonyeza ishirini ya Ifrah. Lakini aliyeisema, akicheka, kabla Ifrah hajaletwa, alikuwa Zilpah.